Makerere: Kilima Kinachopandwa kwa Alama

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na kila kilima kina mwenyewe. Namirembe kuna kanisa kuu la Waanglikana na Rubaga lile la Wakatoliki. Kibuli na Kampala ya Kale kuna misikiti mikubwa inayoonekana kutoka mbali. Mengo ni makao ya Kabaka wa Buganda. Kilima cha Makerere, kilichoko kaskazini-magharibi ya mji, kimekuwa cha wanafunzi tangu mwaka 1922, na kwa zaidi ya miaka mia moja sasa vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiuliza swali moja tu juu yake: je, nitapata nafasi?

Makala haya yanahusu swali hilo. Msomaji mwenye mtoto aliye kidato cha tano au cha sita anajua kuwa hakuna majira yenye mashaka nyumbani kama yale ya kungoja matokeo na kuomba chuo. Si vibaya basi kutazama jinsi jirani zetu wa Uganda wanavyolikabili jambo hilo, kwani yapo ya kujifunza, na wapo wazazi wetu, hasa wa Mkoa wa Kagera, ambao watoto wao husoma ng'ambo ya mpaka.

NJIA YA KWENDA

Atokaye Bukoba kwa basi husafiri kilometa 80 hivi hadi Mutukula. Hupita daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, lile lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, ambalo wazee wa huko hawapiti bila kulisemea neno. Mutukula yenyewe siku hizi ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2017. Msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, kisha akaendelea na safari.

Baada ya hapo ni Kyotera, halafu Masaka, nchi ya migomba na mibuni. Lukaya wauza nyama ya kuchoma na ndizi za gonja hulikimbilia basi kabla halijasimama vizuri, na mikono yao huingia madirishani kama matawi. Kayabwe barabara huukata mstari wa Ikweta, na kando yake pamejengwa duara mbili nyeupe ambamo wageni husimama wapigwe picha. Kutoka hapo hadi Kampala hazizidi kilometa 80, lakini msongamano wa magari unaoanza kabla ya kuingia mjini humfanya mtu adhani ni mara mbili yake.

Katika majira ya maombi ya vyuo, abiria wengi wa njia hii hubeba bahasha za kaki. Ndani yake mna vyeti. Atazamaye kwa makini atamwona mzazi akiipapasa bahasha yake kila baada ya muda, kama mtu anayehakikisha kuwa fedha zake bado ziko mfukoni.

KILIMA CHENYEWE

Lango kuu la Chuo Kikuu cha Makerere linaelekea mtaa wa Wandegeya, mahali penye soko, maduka ya kuchapia karatasi, na vibanda vya chakula visivyolala. Hapo ndipo mwanafunzi asiye na fedha nyingi hununua "rolex", yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, au "kikomando", ambayo ni chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage. Juu ya miti na mapaa hutua wale korongo wakubwa wenye vipara wanaoitwa kaloli, wakitazama chini kwa utulivu kama wasimamizi wa mtihani.

Ukipanda barabara ya chuo unafika mbele ya Jengo Kuu lenye mnara wa saa, lililojengwa mwaka 1941. Mwezi Septemba 2020 moto uliliteketeza usiku mmoja, na Waganda wengi ambao hawakupata kukanyaga darasa lolote la Makerere walilia kama waliofiwa. Limejengwa upya kwa sura yake ile ile, na lilifunguliwa tena mwaka 2024. Mbele yake ni uwanja ambapo wahitimu huvaa majoho yao.

Chuo hiki kilianza kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliokuja asubuhi na kurudi kwao jioni, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kazi zikagawanywa: aliyetaka udaktari au kilimo alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Mwaka 1970 muungano huo ulivunjika, na kila nchi ikabaki na chuo chake.

Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapa kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akitokea Shule ya Tabora, akapata stashahada ya ualimu. Rais Benjamin Mkapa alihitimu hapa mwaka 1962. Siku hizo mitihani ya kuingia ilikuwa migumu na nafasi zilikuwa chache mno, lakini aliyepita hakuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi. Kaulimbiu ya chuo zamani ilikuwa "Tuwe Wanaume". Mwaka 1945 walipoingia wanawake sita wa kwanza, maneno hayo hayakufaa tena, yakabadilishwa kuwa "Twajenga kwa Ajili ya Baadaye". Yamebaki hivyo hadi leo.

HESABU YA KUPATA NAFASI

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Nchini Uganda mtoto husoma miaka saba ya shule ya msingi, minne ya sekondari ya chini, na miwili ya sekondari ya juu. Mtihani wa kidato cha sita hutungwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, na hufanywa mwishoni mwa mwaka. Matokeo hutoka aghalabu Februari au Machi, na vyuo hufunguliwa Agosti. Kwa hiyo ipo miezi kama mitano ya kuomba, kungoja, kufurahi au kuhuzunika. Watahiniwa wa mtihani huu siku hizi hupita 100,000 kwa mwaka.

Mtahiniwa huchukua masomo makuu matatu, pamoja na somo la Maarifa ya Jumla na somo moja dogo, ambalo ni kompyuta au hisabati ndogo. Katika somo kuu, daraja A lina pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, D pointi 3, E pointi 2, na O pointi 1. Masomo yale mawili madogo kila moja lina pointi 1 tu. Hivyo aliyepata yote hufikisha pointi 20, na majina ya waliofikisha pointi hizo hutangazwa na magazeti pamoja na picha zao wakiwa wamebebwa juu juu.

Wazazi wengi hudhani kuwa pointi hizo ndizo zinazompa mtoto nafasi. Sivyo. Pointi ni mwanzo wa hesabu tu. Chuo huzipima upya kulingana na kozi iliyoombwa. Kila kozi ina masomo mawili ambayo ni ya lazima, na pointi zake huzidishwa mara tatu. Lipo somo linalohusiana na kozi hiyo, ambalo huzidishwa mara mbili. Yapo yanayopendelewa, ambayo huzidishwa mara moja. Mengineyo huhesabiwa nusu.

Tuchukue mfano wa udaktari wa binadamu, ambao masomo yake ya lazima ni Kemia na Biolojia. Vijana wawili wamesoma tahasusi moja ya Biolojia, Kemia na Hisabati. Wa kwanza amepata A ya Kemia, B ya Biolojia na D ya Hisabati. Wa pili amepata D ya Kemia, B ya Biolojia na A ya Hisabati. Ukijumlisha pointi za masomo makuu, kila mmoja ana 14, na nyumbani kwao pengine wamepikiwa kuku wa ukubwa ule ule. Lakini chuoni wa kwanza huhesabiwa 18 za Kemia, 15 za Biolojia na 6 za Hisabati, jumla 39. Wa pili huhesabiwa 9 za Kemia, 15 za Biolojia na 12 za Hisabati, jumla 36. Tofauti ya 3 katika mashindano ambamo watu huachwa kwa sehemu za kumi ya alama si tofauti ndogo. Ni mlango kufungwa.

Hesabu haiishii hapo. Matokeo ya kidato cha nne nayo hukumbukwa. Kwa waliosoma mtaala wa zamani, kila daraja la juu huongeza 0.3, la kati 0.2, na la kupita tu 0.1. Mtoto aliyedharau mtihani wa kidato cha nne kwa kudhani kuwa ni ngazi ya kupandia tu, hukutana nao tena miaka miwili baadaye. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 ulitoa watahiniwa wake wa kwanza wa kidato cha nne mwaka 2024, kwa hiyo wazazi wa watoto hao wasitegemee jedwali walilolitumia kaka zao.

Mwisho, msichana huongezewa alama 1.5. Utaratibu huu ulianza mwaka 1990, wakati ambapo wasichana walikuwa chini ya theluthi moja ya wanafunzi. Katika miaka iliyofuata idadi yao ilipanda hadi kukaribia nusu. Wapo wanaunung'unikia utaratibu huo hadi leo, wakisema kuwa alama ni alama. Wanaoutetea hujibu kwamba msichana aliyechota maji, akapika, akalea wadogo zake, kisha akasoma kwa mwanga wa kibatari, hakuanza mbio pamoja na kaka yake.

NANI ANALIPA?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyepata nafasi Makerere alilipiwa na Serikali kila kitu: masomo, kitanda, chakula, hata fedha kidogo za mfukoni. Mwaka 1992 chuo kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na kabla muongo huo haujakwisha waliojilipia walikuwa wengi kuliko waliolipiwa na Serikali. Chuo kilipata fedha kilizokuwa kikizihitaji, na vijana wengi ambao wangebaki nyumbani walipata elimu. Lakini kilima kikawa na ngazi mbili, moja ya alama na nyingine ya fedha.

Leo Serikali ya Uganda hugharimia wanafunzi wapya wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vyake vyote vya umma. Kama 3,000 kati yao huchaguliwa kwa ushindani wa kitaifa, na sehemu kubwa ya nafasi hizo huelekezwa kwenye masomo ya sayansi. Nafasi 1,000 hivi huwekwa kwa ajili ya mgawo wa wilaya, watu wenye ulemavu na wanamichezo bora. Mgawo wa wilaya ulianza mwaka 2005, baada ya kuonekana kwamba nafasi nyingi zilikuwa zikichukuliwa na watoto wa shule chache tajiri zilizoko karibu na Kampala. Mtoto wa wilaya ya mbali hushindana na wenzake wa wilaya ile ile, si na wale waliofundishwa kwa maabara kamili na walimu wa ziada.

Mikopo nayo ipo. Bodi ya kuigawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, karibu miaka kumi baada ya yetu. Mkopo wa Uganda umekusudiwa kulipa ada na gharama za masomo, si chakula wala malazi, na mzazi asiyelijua hilo mapema hujikuta mtoto ana darasa lakini hana kitanda. Huko Kikoni, upande wa pili wa kilima, zimejengwa hosteli za watu binafsi ghorofa kwa ghorofa, na kodi yake yaweza kukaribia ada yenyewe.

Mwombaji hulazimika pia kupanga kozi kwa utaratibu wa upendeleo wake. Zamani fomu za kuomba ufadhili wa Serikali zilikuwa za karatasi, zikijazwa shuleni kabla hata mtihani haujafanywa. Kijana alichagua kwa kukisia, na wengi walijaza kwa kutazama fomu ya jirani. Siku hizi maombi hufanywa kwa intaneti, na mwombaji huchagua akiwa na matokeo yake mkononi. Pamoja na hayo kosa la zamani halijafa. Wapo wanaojaza udaktari mahali pa kwanza, udaktari wa meno pa pili, na ufamasia pa tatu, ilhali alama zao hazifikii hata mmoja. Nafasi zote tatu zimekwenda bure.

MZEE NA BINTI YAKE

Katika duka moja la kuchapia karatasi pale Wandegeya alikuwapo mzee mmoja aliyetoka upande wa Rakai pamoja na binti yake wa miaka kumi na tisa hivi. Binti alipiga magoti kumwamkia kila mtu mzima aliyeingia, kwa desturi ya Baganda, kisha akarudi kwenye kompyuta. Mzee aliposikia Kiswahili alifurahi, maana alikuwa amefanya biashara ya kahawa mpakani miaka mingi.

Matokeo ya binti yalikuwa ndiyo yale ya kijana wa pili katika mfano wetu: A ya Hisabati, B ya Biolojia, D ya Kemia. Pamoja na masomo yale madogo alikuwa na pointi 16, na kijijini kwao hakuna aliyewahi kupata pointi hizo.

"Mimi nilimwambia Mungu, huyu ni daktari," alisema mzee. "Tangu akiwa mdogo tunamwita Dokta. Hata mwalimu mkuu anamwita hivyo."

Mwenye duka, kijana aliyezoea kuwajazia watu fomu, alichukua kalamu akamfanyia hesabu juu ya karatasi chakavu. Mzee aliitazama ile 36, akatazama ile 39. Akauliza kama zile alama za wasichana zimekwisha kuongezwa. Akaambiwa kuwa zikiongezwa zinafuta nusu tu ya pengo hilo.

"Basi nitalipa mwenyewe," alisema. "Nina kibanja changu, ekari nne. Kina mibuni. Nikiuza ekari mbili tutaanza."

Yule kijana akamweleza kwa upole kwamba udaktari hata kwa kujilipia ni kwa mashindano, na ya kwamba masomo hayo ni miaka mitano, si mmoja. Ekari mbili zingemfikisha wapi? Nyumbani walikuwapo watoto wengine wanne nyuma ya huyu.

Binti alikuwa kimya wakati wote huo. Hatimaye alisema, kwa sauti ya chini, bila kumtazama baba yake usoni, "Taata, Hisabati ndiyo ninayoipenda. Kemia niliisoma kwa sababu yenu."

Hapo palikuwa na ukimya. Mwenye duka aliufungua ukurasa mwingine akawaonyesha kozi ambazo Hisabati ni somo la lazima. Pale ambapo Hisabati na Biolojia yanahesabiwa mara tatu na Kemia mara mbili, binti yule yule mwenye 36 hupata 39, bila kuongeza saa moja ya kusoma. Mzee aliuliza kozi hizo zinampa mtu kazi gani. Akaelezwa habari za takwimu, za kompyuta, za bima na mabenki, na za ualimu wa hisabati, ambao shule nyingi zinaulilia.

Hakujibu mara moja. Alikunja ile karatasi ya hesabu mara nne akaitia katika mfuko wa koti. Kisha akasema kwamba watakwenda kulala kwa shangazi yake Nateete, wazungumze, warudi asubuhi. Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa imebaki wiki moja. Walitoka, binti akiwa mbele, mzee nyuma, na bahasha yao ya kaki mkononi mwa binti, ambapo asubuhi ilikuwa mkononi mwa baba.

Mambo kama hayo hutokea kila mwaka, Kampala na kwetu pia. Yanauma kwa sababu kila upande una haki. Mzazi amelipa ada kwa miaka kumi na mitatu na ana ndoto. Mtoto ndiye atakayekaa darasani. Lakini chaguo lililo gumu zaidi lilikwisha kufanywa miaka miwili nyuma, siku tahasusi ilipochaguliwa, na siku hiyo mara nyingi hakuna aliyeketi na mtoto kumwuliza.

KWETU NA KWAO

Msomaji atapenda kulinganisha. Kwetu daraja A la kidato cha sita lina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa shahada, mwombaji hutakiwa kwa kawaida awe na ufaulu wa masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, kisha kila kozi huweka masharti yake. Tangu mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu. Kuanzia mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja kwenye chuo, na Tume hubaki msimamizi. Aliyepata nafasi katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu. Asiyethibitisha kwa wakati aweza kukosa vyote.

Tofauti nyingine ni kalenda. Watoto wetu hufanya mtihani Mei, na matokeo hutoka Julai. Uganda wakati huo udahili umekwisha kwenda mbali. Mzazi wa Tanzania atakaye kumpeleka mtoto Makerere, Mbarara, au Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale, hana budi kuanza mapema kuuliza tarehe. Yafuatayo ni ya kukumbukwa:

Kwanza, cheti cha nje hulinganishwa. Matokeo ya Tanzania hupelekwa UNEB yalinganishwe na ya Uganda kabla chuo hakijayatumia. Mtoto aliyesoma sekondari Uganda naye, akirudi kuomba chuo hapa nyumbani, hupitia Baraza letu la Mitihani, NECTA, kwa kazi hiyo hiyo.

Pili, anayekwenda kusoma shahada nje hutakiwa apate kwa Tume ya Vyuo Vikuu cheti cha kutokuwa na pingamizi. Akimaliza, shahada yake hutambuliwa na Tume hiyo hiyo. Wapo waliorudi na majoho mazuri wakakuta chuo chao hakitambuliwi. Kuuliza kabla ya kwenda ni bure, na kujuta baadaye ni ghali.

Tatu, ada iulizwe kwa maandishi, pamoja na zile gharama ndogondogo zinazofuatana nayo: usajili, maktaba, kitambulisho, matibabu, mitihani. Ziulizwe pia kama mwanafunzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa sawa na mwenyeji katika chuo hicho na kozi hiyo.

Nne, ombi lifanywe na mtoto mwenyewe, mzazi akiwa kando yake. Wapo watu langoni na madukani wanaojitolea "kumfahamu mtu ofisini". Nafasi haiuzwi pale. Kinachouzwa ni karatasi, na atakayefukuzwa ni mtoto.

Tano, na hili ndilo kubwa, jedwali la masomo ya lazima ya kila kozi litafutwe mtoto angali kidato cha nne, kabla ya kuchagua tahasusi. Jedwali hilo si siri. Vyuo hulichapisha, Uganda na hapa kwetu. Familia ikiketi nalo jioni moja mezani, itaona ni milango gani inafunguliwa na kila somo, na ni ipi inafungwa. Jioni hiyo moja yaweza kuokoa ekari mbili za mibuni.

Jua linapokuchwa, ukisimama karibu na Jengo Kuu unaiona Mulago na hospitali yake upande mmoja, na Namirembe upande mwingine. Wanafunzi huteremka kuelekea Wandegeya kununua chakula. Miongoni mwao wapo waliotaka kuwa madaktari wakawa wahasibu, na waliotaka sheria wakawa walimu, nao wanacheka na kubishana juu ya mpira kama wenzao. Aliyekosa kozi aliyoitaka hajakosa maisha. Kuna diploma, ambayo aliyeifaulu vizuri huweza kuomba shahada kwayo. Kuna mtihani wa watu wazima, kwa aliyetimiza umri wa miaka 25. Kuna vyuo vya umma vya Gulu, Mbarara, Busitema na kwingineko, vyenye walimu wazuri na ushindani mdogo kuliko Makerere.

Wahenga walisema njia ya mbali huanza kwa hatua moja. Mzazi aliye na mtoto wa kidato cha nne mwaka huu, hatua yake ya kwanza ni kumwita mtoto huyo aketi, na kumwuliza ni somo gani analolipenda. Kisha amsikilize mpaka amalize.